Mchoro Uliosomewa Fatiha

Habari ya kifo cha Fundi Mwinyi ilinikuta jikoni nakuna nazi, na nitasema kweli: kabla ya kumwombea rehema, niliogopa. Niliogopa vile vile nilivyoogopa mwaka ule nilioishi nyumbani kwake Mwabungo, nikiwa msichana aliyetoka chuo cha ufundi juzi juzi, na kompyuta ya mkononi niliyoilaza kitandani upande wa ukutani isije ikaanguka. Mimi ni mwoga, na sioni haya kusema. Sasa nimeingia utu uzima, nina miwani, vijana wananiamkia shikamoo hata wasionijua, lakini hofu ile ilikuja mbichi, ikanikaa kifuani. Nikaiacha mbuzi na nazi yake, nikajitanda buibui, nikaenda mazikoni. Wanawake tulikalishwa chumba cha ndani, nyuma ya pazia lile lile lililotutenga na baraza ya wanaume, na nilipotoka kwenda kunawa mikono nikamwona Tsuma, mchimba visima wa Kinango, amekaa pembeni mwa mkeka, kichwa kimeota mvi. Tulishikana mikono. Akasema, "Dada Riziki, pole," nami nikasema, "Pole na wewe," na hatukutaja kisima.

Mwaka ule mvua zilikataa. Ofisi yetu ilikuwa Ukunda, ghorofani juu ya duka la rangi na mabati, chumba kimoja chenye harufu ya tina ya kuchanganyia rangi iliyokuwa ikiniumiza kichwa kila siku ya Mungu. Mwenye kazi alikuwa Mwalimu Bakari, mstaafu aliyefundisha ufundi mpaka sauti yake ikakwama kwenye kuamrisha. Alikuwa akibuni winchi za visima. Kompyuta hakuigusa. Alisimama nyuma ya kiti changu na chai yake ya tangawizi, akiniongoza: "Sogeza kushoto, mwanangu. Kushoto! Huko ni kushoto kwa nani?" Kazi yenyewe ilikuwa imegawanywa mahali patatu. Uani, nyuma ya duka, Oduor alichomelea fremu na kukata magurudumu ya meno. Mwabungo, Fundi Mwinyi alitengeneza vipande vidogo vya chuma, kwa sababu mkono wake kwenye tupa haukuwa na mfano. Kinango, kikundi cha wachimbaji kilichukua winchi zikiwa tayari, kikazitumia, kikatuletea habari ya kilichovunjika na kilichowaudhi. Mimi niliajiriwa ili watu wa mahali pote patatu wawe wanatazama mchoro mmoja. Niliidhani kazi nyepesi, nikawa namwambia kila mtu nyumbani kwetu kwamba nalipwa kwa kutuma picha kwa simu.

Winchi yetu haikuwa na maajabu. Ilikuwa na mpini wa kuzungusha, pipa la chuma la kuvingirisha kamba, na kando ya pipa gurudumu la meno. Juu ya gurudumu ulikaa ulimi, kipande cha chuma kirefu kidogo kuliko kidole, ambacho huangukia kila jino linapopita. Mtu akipandishwa kutoka kisimani ulimi hulia ta, ta, ta, na mwenye kuzungusha mpini akiteleza au akizimia kwa jua, ulimi hung'ang'ania jino na pipa halirudi nyuma. Mtu anabaki akining'inia, anatukana, lakini yu hai. Kila kitu kingine kwenye winchi ile kingeweza kuwa kibovu na ukapata nafasi ya kujuta. Ulimi hauna nafasi hiyo.

Sasa, Mwalimu alikuwa na desturi yake. Nikishamaliza mchoro na kuuchapisha, aliuchukua kwenye meza yake, akafuta mikono, akaandika Bismillahi juu kwa kalamu ya wino mweusi, kwa hati nzuri ya Kiarabu, ndipo tukatoa nakala na kuzipeleka kwa mafundi. Mchoro usioandikwa hivyo hautoki ofisini. Na ule wa kwanza kabisa, kabla sijaajiriwa, aliupeleka Mwabungo mwenyewe. Wakafukiza ubani, wakasoma Fatiha, wakala halua na kahawa, na Fundi Mwinyi akauweka ukutani juu, mahali ambapo hakuna mtu atakayeupa mgongo. Nilipoonyeshwa mchoro ule siku ya kwanza niliona ni jambo la kupendeza. Hata nikaupiga picha.

Chumba nilichopewa kwa Fundi kilikuwa cha uani, dirisha lake likitazama karakana. Asubuhi niliamshwa na tupa ikilamba chuma, na Bi Mwanasiti, mkewe Fundi, akiniita kwa nguvu: "We Riziki! Mahamri yapoa, na mbaazi zimeshaganda, au wala na hiyo kompyuta?" Alininenepesha mwaka ule. Alipika muhogo wa nazi, samaki wa kupaka, na siku za Ijumaa wali mweupe na kachumbari iliyokatwa nyembamba mpaka unaona nuru. Mumewe alikuwa mtu wa maneno machache, mpole mno, asiyemkatalia mtu kitu. Upole huo ndio ulionichelewesha kuona. Nilipomletea mchoro mpya alisimama, akaupokea kwa mikono miwili, akaubusu pale juu, akasema, "Ahsante, mwanangu, Mungu akubariki," akaingia nao ndani. Nilipomtumia kwenye simu alijibu "Ahsante" vile vile. Mimi nikiona alama mbili za buluu nikajua kazi imefika, nikalala usingizi.

Katikati ya mwaka, watu wa Kinango walilalamika. Tope lilikuwa likijaza meno ya gurudumu, ulimi ukawa hauingii mpaka chini. Mwalimu alizunguka ofisini akijisemea, akaamua: meno yatakatwa kwa kina na mapana zaidi, na ulimi utarefushwa, ncha yake ibadilishwe. Nilichora. Akaandika Bismillahi. Oduor akakata gurudumu jipya na ulimi wake mwenyewe wa kujaribia, akaning'iniza injini kuukuu ya gari, akaachia mpini, ikakaa hapo hapo hewani. "Madam, hii kitu iko poa. Hata ukiweka ng'ombe," akaniambia. Nikapeleka mchoro Mwabungo, nikamwambia Fundi kwamba meno yamebadilika. Ndivyo watu wote tulivyosema wakati ule, meno yamebadilika, maana meno ndiyo yaliyokuwa yamelalamikiwa. Baada ya hapo ndimi zikaja Ukunda kutoka Mwabungo, zinang'aa, zikafungwa kwenye magurudumu mapya, na winchi ya kwanza ikapakiwa kwenye pikapu kwenda Kinango haraka, kwa kuwa kule watu walikuwa wakigombania maji na ng'ombe.

Ilikuwa Ijumaa, baada ya sala. Fundi alikuja na mgeni kutoka msikitini, wakala barazani, nasi wanawake tukala ndani. Bi Mwanasiti alikuwa akinitania kuhusu wachumba, nami nikichambua miiba ya samaki changu, sikio moja likiwa nje kwa ubovu wa tabia tu. Mgeni aliuliza, "Fundi, naona mwaletewa makaratasi kila mara. Mwayaweka wapi?"

"Darini," Fundi akasema. "Yana jina la Mungu, siwezi kuyatupa wala kuyachana. Nimeyafunga kwa kitambaa safi, nimeyaweka juu."

"Na mpya ikija?"

"Nayo yenda juu. Ya ukutani ndiyo nifanyiayo kazi. Ile ilisomewa Fatiha, bwana. Nilitaka kubandika mpya juu yake, mkono ukakataa. Nitalifunikaje jina la Mola? Tena wameniambia ni meno yaliyobadilika, na meno hatukati sisi."

Tonge lilinisimama kooni. Bi Mwanasiti alidhani ni mwiba, akanipiga mgongoni, akaniambia nimeze wali mkavu. Nikainuka na mkono wenye nazi, nikapita katikati ya wanaume bila kuomba radhi, nikaingia karakana. Kwenye benchi kulikuwa na ndimi zimepangwa, nzuri, laini, hazina kosa hata moja, zote fupi. Nikainua macho ukutani nikauona mchoro wa kwanza umekaa pale kwa heshima zote. Fundi alikuja nyuma yangu akaniuliza kuna nini. Nikachukua ulimi mmoja nikauweka juu ya mchoro mpya uliokuwa kwenye simu yangu, upuuzi mtupu maana simu haina kipimo, lakini alielewa. Aliniangalia usoni, akakaa chini sakafuni, kwenye vumbi la chuma, na kanzu yake nyeupe ya Ijumaa.

Nilimpigia Tsuma, yeye ndiye aliyekuwa akishuka. Mteja hapatikani. Nikapiga tena na tena nikijua simu yake huwa anaivua na shati anapoingia kisimani. Nikampigia Mwalimu. Nikasikia kijiko kikigonga kikombe, kisha akauliza, "Na wanachimba leo?" Nikamwambia kule hawangoji Ijumaa ipite, ni watu wa dini mchanganyiko na kiu ni moja. Akasema, "Toka usimame barabarani, twaja kukuchukua."

Oduor aliendesha pikapu. Mwalimu alikaa dirishani na tasbihi, mimi katikati, nikikanyaga breki isiyokuwepo. Nimewahi kuzaa na nimewahi kulazwa, lakini safari ile ya kupanda Kwale na kuteremka upande wa bara ndiyo iliyonionyesha hofu ni nini. Miti ilipungua, vumbi likazidi, na kila tulipopishana na pikipiki nilitafuta sura ya mtu anayekimbia kuleta habari mbaya. Oduor alirudia, "Lakini mimi niliitesti. Niliitesti, Mwalimu." Mwalimu akamjibu, "Ulijaribu ulimi wako, si wake." Kisha, tulipokaribia, akaniambia kwa sauti ya chini, "Riziki, tukifika usitaje ulimi. Wataingiwa na hofu, jina letu litaharibika. Tutasema tumekuja kutia grisi." Alikuwa amenifundisha kazi, nilimwamkia kila asubuhi, na sikuwahi kumjibu. Nilinyamaza. Alidhani nimekubali, na nadhani hata mimi nilidhani hivyo.

Kisima kilikuwa nyuma ya mji, ambapo wanawake walishajipanga na mitungi kungojea tope ligeuke maji. Winchi yetu ilisimama juu yake ikiwa na rangi yake ya kijani, safi. Kakake Tsuma alikuwa ameshika mpini kwa mikono miwili, tayari kuzungusha. Kamba ilikuwa imekazika. Nikapiga yowe. Sikumbuki nilisema nini hasa, ila niliambiwa baadaye nilisema, "Mwacheni chini, huo ulimi si wa gurudumu hilo!" Mwalimu alinishika bega. Kakake Tsuma akaduwaa, na kutoka ndani ya ardhi ikaja sauti ya mtu, ndogo, imekasirika: "Nani huyo anapiga kelele? Vuteni!"

"Tsuma," nikaita, nimelala kifudifudi kwenye ukingo, buibui lote tope. "Ni Riziki wa michoro. Ile winchi haikamati vizuri. Jishikize ukutani, uivue kamba kiunoni."

Akasema, "Na asubuhi nilishuka nayo?"

"Ulishuka nayo."

"Na jana?"

"Na jana."

Hakunitukana. Afadhali angenitukana. Alisema tu, "Basi msinivute."

Tulimtoa kwa mikono. Ilitafutwa kamba nyingine, ya kufungia ng'ombe mnadani, akajifunga chini ya kwapa, na wanawake wakaweka mitungi chini wakashika, wakubwa kwa wadogo, nami katikati yao na Mwalimu Bakari nyuma yangu, akihema, kofia imemwanguka. Tulivuta kwa kwenda nyuma hatua kwa hatua. Alipotokeza alikuwa tope tupu, macho tu meupe. Alijikokota mbali na ukingo kwa viwiko, akakaa, akanyoosha mkono kuomba maji, na ikabidi mama mmoja afungue mtungi wake wa akiba ampe. Alikunywa akamaliza. Kisha akasema tuijaribu winchi, yeye aone.

Tulijaza gunia tope na mawe, tukalipandisha kwa winchi, kakake akaachia mpini akaruka kando. Ulimi ukakamata. Mwalimu akasema Alhamdulillahi kwa nguvu, akanitazama, na kwa kitambo nilijiona mpumbavu aliyewatia watu kiwewe bure. Tsuma akasema, "Tena." Tukalipandisha tena. Safari hii ulimi ulishika ncha ya jino, ukatetemeka, ukaruka. Mpini ulizunguka kwa kasi hata hauonekani, ukivuma, na watu wakakimbia, mitungi ikapinduliwa. Tulisikia gunia likifika chini. Tsuma naye alisikia. Alijiinamia, akaweka paji la uso kwenye magoti, na kakake akaanza kulia waziwazi, mikono yake ameishika mbele yake kana kwamba imemwagikiwa maji ya moto.

Mwalimu Bakari aliomba radhi pale pale, mbele ya wanawake wale, bila kuzunguka. Sijamheshimu mtu kama nilivyomheshimu wakati ule, ingawa muda mfupi kabla alitaka niseme habari za grisi. Nimeishi kiasi cha kutosha sasa kujua kwamba mtu mwenye hofu husema lolote, na anayeogopa zaidi hutafuta neno la kufunika. Hata mimi, lau ningekuwa na winchi zangu na jina langu mlangoni, sijui.

Siku iliyofuata tulikaa Mwabungo barazani. Fundi Mwinyi hakuwa amekula. Alimwambia Mwalimu, "Nilidhani naheshimu." Mwalimu akamjibu, "Nami nilikutwika mzigo wa kuheshimu karatasi zisizofaa tena. Kosa ni la wino wangu." Walikubaliana kwamba Bismillahi itatamkwa mdomoni, kila fundi kabla hajagusa chuma, na haitaandikwa tena kwenye mchoro. Tukakubaliana pia kwamba sitampa mtu mchoro mpya mpaka anikabidhi mkononi ule wa zamani, na kwamba alama za buluu si jibu. Atanisomea kwa sauti kipimo kilichobadilika, hata kama anaona si cha kazi yake. Zile karatasi za darini Fundi alizishusha mwenyewe, akazichoma nyuma ya nyumba kwenye chombo safi, akayazika majivu mahali pasipokanyagwa. Ule wa ukutani alikaa nao kwa muda akiwa ameupakata. Bi Mwanasiti alimjia, akautoa kwa upole mapajani mwake, akauingiza motoni, na wote wawili wakasimama kuutazama mpaka ukaisha.

Nilidhani mambo yamekwisha. Sikujua Tsuma alikuwa na sharti lake. Winchi ilipokuwa tayari, na ulimi mrefu uliotengenezwa mbele ya macho yangu, alituma ujumbe: atashuka, kwa sababu watu hawana maji, lakini hashuki mpaka yule dada wa michoro aje akae mdomoni mwa kisima mpaka yeye atoke. Mwalimu alisema si lazima. Bi Mwanasiti alisema nisiende, nitakufa kwa presha. Nilikwenda, na njiani nilimwambia Oduor asimamishe gari, nikatapika mahamri yote.

Nilikaa kwenye jiwe, uso wangu karibu na gurudumu. Tsuma alinisalimu vizuri, akauliza hali za nyumbani, akajifunga kamba, akanitazama mara moja, akashuka. Jua lilipanda. Alichimba, ndoo zikapanda na kushuka, na kila baada ya muda aliita kutoka chini, "Riziki! Upo?" nami nikajibu, "Nipo." Hakuwa na shida na mimi. Alitaka kujua tu kwamba mtu anayejua yu pale, naye anaogopa kama yeye.

Alipomaliza, kakake alianza kumpandisha. Ta, ta, ta. Nilihesabu nikapotea nikaanza upya. Mikono ya kakake ilikuwa na jasho na tope, na alipobadilisha mshiko mpini ukamponyoka.

Ulimi ukakamata. Pipa likagota, kamba ikalia, na vikasikika vijiwe vikidondoka majini, chini kabisa. Kakake alibaki amenyoosha mikono hewani, hana nguvu ya kuushika tena mpini. Tsuma alikuwa ananing'inia gizani chini ya kipande kile cha chuma.

"Riziki," akaita, polepole. "Upo?"

Niliinamia gurudumu: ulimi ulikuwa umezama kati ya meno mpaka chini.

"Nipo," nikasema. "Nipo, Tsuma. Imeshika."